Jua la Upande wa Kibla

Kengeja, Pemba
12 Oktoba 2003

Mwanangu Nihal,

Salamu zikufikie huko Glasgow kwenye baridi, na dua zangu zishatangulia. Mimi mzima, ila magoti ndiyo yanayonikumbusha umri kila nikiinuka kwenye mkeka.

Barua yako ya Agosti nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza sikuambulia kitu. Mara ya pili nikaelewa kwamba kazi yako chuoni ni kuifundisha kompyuta itazame picha moja, bapa kama meza, na kwa weupe na kivuli tu ijue wapi pameinuka na wapi pamebonyea. Nikacheka peke yangu. Mtoto wa marehemu Asya, niliyemlea mimi, aliyekuwa akijikwaa kizingiti mchana kweupe, leo anaifundisha mashine kuona! Mara ya tatu nikaacha kucheka, maana nilikumbuka bonde letu.

Bonde la mpunga linakufa, Nihal. Tangu mikoko ya mdomoni mwa bonde ikatwe, bamvua kubwa ikija maji ya bahari yanaingia mpaka kwenye makonde. Mwaka wa tatu huu konde langu halijatoa hata pishi mbili. Zamani palikuwa na tuta la kuzuia bahari, limejengwa juu ya mawe wakati wa wazee wa babu yako Moosa. Likabomoka, tope na mikoko vikalifunika, na mtu wa mwisho aliyejua limepita wapi, Mzee Safari, tumemzika mwaka juzi. Mwaka jana tulijenga letu kwa kukisia. Bamvua moja tu, likazama topeni. Tukilipata lile la mawe, tutajenga juu yake na litasimama. Tusipolipata kabla ya maji makubwa ya Machi, sheha kasema bonde liachwe, na sisi tutafute pa kulima pengine. Pengine wapi, hakusema.

Uliniandikia kwamba huko kwenu kuna nyumba inayohifadhi picha za zamani zilizopigwa kwa ndege. Je, hakuna hata moja ya Kengeja? Na mashine yako haiwezi kutuonyesha tuta?

Nijibu kwa barua. Kwenye simu mambo kama haya hayaelezeki, unasikia "halo, halo" tu.

Mama yako mkubwa,
Mwatum


Glasgow
9 Novemba 2003

Mama Mkubwa, shikamoo,

Ramadhani karimu. Hapa jua linazama saa kumi alasiri, kufunga ni kama kuchelewa chakula cha mchana tu, kwa hiyo usinionee huruma.

Picha ipo! Nilipoiona nilitokwa na machozi mbele ya mwenye maktaba, akanipa kiti. Ni ya mwaka 1947. Mwezi siujui, karatasi nyuma imechanika. Bonde linaonekana zima, na mkono wa bahari upande wa kusini. Kwa kawaida ndege hupiga picha mbili mbili zinazopandana, zikatumika kama macho mawili, na kimo kinapatikana hivyo. Lakini pacha ya hii imepotea. Tumebaki na jicho moja, na jicho moja ndiyo kazi yangu.

Nikueleze kidogo. Upande wa kilima unaolielekea jua hung'aa, unaolipa mgongo hufifia. Kompyuta inapima weupe wa kila nukta, inakisia mteremko wa mahali pale, kisha inaiunganisha miteremko yote mpaka umbo la ardhi linajitokeza. Nimeiendesha siku nne. Imenitolea mistari miwili inayokata bonde kutoka mashariki kwenda magharibi. Wa chini, pale mdomoni palipoota mikoko baadaye, umebonyea: huo ni mfereji wa zamani. Wa juu, kama hatua mia mbili ndani, umeinuka. Hilo ndilo tuta lenu, Mama Mkubwa! Nimekuchorea ramani na vipimo kutoka kisimani.

Jengeni pale. Nina furaha isiyo kifani. Miaka yote hii nimekula mpunga wa bonde lile, leo ndiyo mara ya kwanza nalirudishia kitu.

Mwanao,
Nihal


Kengeja
4 Desemba 2003

Mwanangu Nihal,

Idd mubaraka. Ramani imefika, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Watu wamefurahi sana. Kazi tumeianza Jumapili, kwa majembe na mapakacha, na mimi ni msimamizi, ungeniona ungecheka.

Nina swali moja dogo, usilifikirie sana. Mashine yako huwa inakosea?

Huku hakuna jipya. Muhogo umekubali. Nisalimie wenzako.

Mama yako mkubwa,
Mwatum


Kengeja
15 Desemba 2003

Kwa Bi Nihal binti Marhoun,

Assalaam alaykum. Mimi ni Jecha Nyange, niliyekufundisha hesabu darasa la sita na la saba. Anwani yako nimepewa posta, si na Bi Mwatum, kwa sababu mimi na Bi Mwatum hatusemeshani. Hatusemeshani tangu mambo ya vyama yaingie, mwaka wa nane huu. Unajua yalivyokuwa: watu wa upande mmoja hawaendi kwenye maziko ya upande wa pili. Muafaka umetiwa saini huko mjini miaka miwili sasa. Huku bado haujafika.

Ramani yako inasema tuta lijengwe kwenye mstari wa juu. Kati ya mstari huo na bahari kuna makonde kumi na moja. Kumi ni ya watu wa upande wangu na moja ni langu mwenyewe. Tuta likikaa pale, sisi tumetupwa baharini. Watu wangu wanasema mjukuu wa Moosa amechora ramani ya kulipiza bonde la babu yake lililogawiwa wanyonge baada ya Mapinduzi. Siku ya mkutano walimwambia hayo Bi Mwatum usoni. Aliwajibu kwamba mtoto aliyemlea yeye hasemi uongo, na kama ramani ni ya uongo basi yeye atalihama bonde kabla ya mtu yeyote. Kisha akachukua jembe akaenda kuchimba. Sasa upande wake wanachimba, upande wangu wanatazama na kusonya, na siku ile mtu mmoja alibeba panga.

Mimi sikutuhumu. Nilikusahihishia madaftari miaka miwili; ulikuwa ukikosea, lakini hukuwa ukidanganya. Nakuomba jambo lile lile nililokuwa nikikuomba darasani. Jibu peke yake silipokei. Nionyeshe njia.

Wako,
Mwl. Jecha Nyange


Glasgow
6 Januari 2004

Mwalimu wangu Jecha, shikamoo,

Barua yako imefika. Sikujua makonde yale ni ya nani, wala sikuuliza, na hilo ni kosa langu la kwanza. Naapa sikuwa na nia yoyote na shamba la babu. Nalikumbuka bonde kwa sababu ya wali, si kwa sababu ya hati.

Njia ndiyo hii, kwenye karatasi niliyoambatisha, hatua kwa hatua kama ulivyotufundisha. Hapa nakuandikia yale tu niliyoyachukulia kuwa kweli bila ya kuyathibitisha. Nimechukulia kwamba udongo wote wa bonde una rangi moja, ili weupe utokane na mteremko na si na tope. Nimechukulia kwamba hakuna kivuli cha wingu. Na nimeiambia kompyuta jua lilikuwa kusini, kama ninavyoiambia kwa picha zangu zote za hapa. Sikuweza kulihakikisha kwa vivuli vya miti, maana ndani ya bonde hakuna miti, na pembezoni mikarafuu na minazi imeshonana, jani na kivuli havitengani.

Hatua ya tano ndiyo inayoninyima usingizi tangu nilipoiandika kwa ajili yako. Tuta linalomulikwa kutoka kaskazini na mfereji unaomulikwa kutoka kusini hutoa picha ile ile, nukta kwa nukta. Kompyuta haiwezi kuvitenganisha. Inategemea umeiambia jua liko wapi. Mwezi wa picha ningeujua ningekuwa na hakika. Siujui.

Picha yenyewe sikukutumia wewe. Nimeikuza, nimemtumia Mama Mkubwa kwa posta ya leo leo. Nimefanya makusudi, Mwalimu, nisamehe. Karatasi bila ya picha haina maana, na picha bila ya karatasi haisemi kitu.

Mwanafunzi wako,
Nihal


Glasgow
6 Januari 2004

Mama Mkubwa,

Kwa nini hukuniambia? "Huku hakuna jipya"! Watu wanakutukana mkutanoni kwa ajili yangu, na wewe unaniandikia habari za muhogo.

Simamisheni kuchimba, nakuomba kwa jina la mama yangu. Huenda nimekosea. Picha hii hapa. Maelezo yako kwa Mwalimu Jecha. Najua hamsemeshani. Mimi sina njia nyingine. Wewe unalijua bonde kuliko mtu yeyote, na yeye anaijua hesabu. Itazameni pamoja, mniambie jambo moja tu: picha hii ilipigwa wakati gani wa mwaka?

Nihal


Kengeja
27 Januari 2004

Nihal, mwanangu,

Kwanza nikugombeze. Kunipangia mgeni nyumbani kwangu bila ya idhini yangu, hilo nani kakufundisha? Sasa nikusimulie.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utaacha masomo ukae unalia. Na nikikwambia kweli, niliogopa pia. Ungesema "nimekosea" ningemtazama nani?

Picha ilifika Jumatatu. Jumanne asubuhi nasikia hodi. Sauti naijua, lakini miaka minane sijaisikia barazani kwangu. Nikatoka na unga mikononi. Jecha amesimama na karatasi, amevaa kanzu kama anakwenda kuposa.

"Mwatum, mie nna karatasi."

"Na mie nna picha," nikamwambia. "Kaa basi, utasimama mpaka lini?"

Tukakaa, mkeka mmoja, picha katikati. Mwanzo tulisemeshana kwa kuielekea picha, si kwa kutazamana. Yeye anasoma hatua zako kwa sauti, kama yuko darasani, mimi natafuta konde la mama yangu. Nikaliona. Kisha nikaona kitu kingine, nikamkatiza.

"Jecha, tazama vino vijinjia vyembamba. Watu wapita katikati ya makonde!"

"Wapite, kwani vipi?"

"Mpunga ukisimama nani apitaye katikati? Si watapigwa bakora na wenyewe! Mpunga ukisimama watu huzunguka pembeni. Hapa mpunga ushavunwa."

Akainama mpaka pua ikagusa. "Basi ni baada ya mavuno. Lakini baada ya mavuno ni muda mrefu, Mwatum. Huenda ni mpaka kaskazi ya mwezi wa kumi na mbili."

"Kaskazi bonde huwa jeusi, mabua yeshachomwa na majembe yeshaingia. Hili jeupe lote kwa mabua makavu. Hii ni ya kipupwe, mwezi wa saba au wa nane, si zaidi."

Akaivuta karatasi yako. Akaniuliza polepole, kama anaogopa jibu: "Na jua la kipupwe liko wapi?"

Nihal, hilo nalo la kuulizwa? Umekulia nyumba hii. Kipupwe kizima baraza ya kusini ina kivuli, tunakaa pale tunachambua karafuu, na ukuta wa upande wa kibla unaungua kwa jua tangu asubuhi mpaka alasiri. Kibla kwetu ni kaskazini. Umelisahau jua la kwenu, mwanangu. Umeliazima la Wazungu ukalipeleka Kengeja.

"Kibla," nikasema, na yeye akasema hivyo hivyo, kwa wakati mmoja. Akachukua kalamu, akaikata "kusini" yako, akaandika "kaskazini", akaanza kushuka na hesabu. Alipofika chini akaweka kalamu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Vyote vimegeuka," akasema. "Tuta liko chini, mdomoni. Huku juu mlikochimba ndiko kwenye mfereji. Makonde yetu yamo ndani."

Yamo ndani, Nihal. Yale kumi na moja yote.

Hatukungoja. Tulikwenda bondeni wenyewe, mzee wa miaka sitini na bibi wa magoti mabovu, na mtaimbo wake. Kwenye mstari wa juu, tulikokwisha kuchimba hatua sitini, mtaimbo ulizama wote, hata kushika hakuna. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Tukashuka mdomoni, kwenye visiki vya mikoko. Akaupiga, ukazama kiasi cha mkono, ukagonga. Akasogea hatua tano, ukagonga. Mahali kumi na mbili tumepiga, mahali kumi na moja tumekuta mawe. Nikamwambia, "Mwalimu, na hapo pamoja palipokosa?" Akasema, "Hapo pamebomoka, patajazwa."

Ijumaa baada ya sala alisimama yeye mbele ya watu wake, nikasimama mimi mbele ya wangu. Niliwaambia wazi kwamba mtoto wangu alikosea, na amekosea kwa kusahau, si kwa kuficha, na mwenyewe ndiye aliyetuonyesha pa kumkosoa. Kidogo walinung'unika. Mwanawema, ambaye huwa ndiye wa kwanza kunung'unika, akasema yeye anataka wali, hana haja ya kujua jua lilikuwa wapi. Wakacheka. Msaragambo wa kujenga tuta umeanza Jumamosi, pande zote mbili kwa pamoja.

Sikufichi tena: sijui kama tutawahi. Mstari wa chini ni mrefu na Machi iko mlangoni.

Mama yako mkubwa,
Mwatum


Glasgow
12 Februari 2004

Mama Mkubwa, shikamoo. Na Mwalimu, najua utaisoma hii, shikamoo na wewe,

Nimeirudia kazi na jua la kaskazini. Imetoka kama mlivyosema, tuta chini, mfereji juu. Nilipoona nilifunga mlango nikalia, kwa aibu na kwa shukrani, sijui kipi kilizidi. Mngenisikiliza mpaka mwisho mngezika nguvu zenu zote kwenye tope, na watu wangekatana mapanga kwa ajili ya neno moja nililoliandika bila ya kufikiri.

Profesa wangu alitaka nilitaje kosa hili kwa mstari mmoja kwenye tasnifu. Nimemwambia nitaliandikia sura nzima, na majina yenu wawili yatakuwemo. Aliuliza chuo chenu ni kipi. Nikamwambia Kengeja.

Naleta ramani mpya. Pale mahali pamoja mlipokosa mawe, inaonyesha pengo lina upana wa hatua tisa. Anzeni hapo kwanza, maana maji yatapita hapo. Lakini piga mtaimbo kabla ya kuniamini.

Kila siku naangalia mwezi. Niandikieni, hata kama habari ni mbaya. Hasa kama ni mbaya.

Nihal


Kengeja
24 Machi 2004

Nihal, mwanangu,

Bamvua imekuja na imepita.

Ilikuja Jumapili, mwezi mwandamo. Tuta lilikuwa halijapata majani ya kulishika, udongo mbichi, na lile pengo la hatua tisa tulilimaliza Alhamisi, tena kwa kupokezana mawe mkono kwa mkono mpaka pande zote mbili zikasahau nani yuko wapi kwenye mstari. Asubuhi ile watu wote walikuwa juu ya tuta. Maji yakapanda, yakafika nusu, yakapanda tena, yakabaki kiganja kimoja tu kufika juu. Sehemu moja ikaanza kutiririsha. Jecha akajitupa pale na kanzu yake, akakaa kwenye shimo kwa makalio yake mwenyewe, anapiga kelele aletewe udongo! Mwalimu mzima! Tulimzungushia udongo yumo humo humo, tukamng'oa baadaye.

Kisha maji yakasimama. Tulingoja. Yakaanza kurudi.

Niliteremka upande wa ndani, nikaenda moja kwa moja kwenye konde la Jecha, maana la chini kabisa ni lake, na kama chumvi imepita basi ingeanzia pale. Nikachota maji kwa kiganja nikayaonja, watu wote wananitazama. Nikayaonja tena. Nikampa Jecha ayaonje mwenyewe. Akayameza. Akasema, "Matamu haya, hayana chumvi," akakaa chini.

Jana masika imeanza kugonga mabati. Nilikuwa na mbegu kibaba na nusu kwenye mtungi, ya mwisho ya mpunga wa mama yangu, ambayo tangu miaka mitatu siithubutu kuipanda wala siithubutu kuila. Leo asubuhi nimeimwaga yote kondeni. Mtungi nimeuosha, nimeupindua juani ukauke.

Mama yako mkubwa,
Mwatum